Chochote Kilichoharibika

Mara ya kwanza kuusikia wimbo ule nilitoka mbio nje ya karakana na bisibisi mkononi. Nilijua ni rafiki yangu Jadallah ananiletea friji. Nilikuwa nimeshasukuma mashine mbili ukutani ili nimpe nafasi ya kushusha. Nikasimama pale kona ya Mahatta, nikatazama barabara upande wa juu, nikatazama upande wa chini, nikaona teksi moja ya njano imeshusha vioo, na sauti ya rafiki yangu inatoka ndani yake pamoja na magitaa na ngoma za watu wanaobomoa nyumba. Dereva akaniuliza kama naenda katikati ya mji. Nilimjibu neno ambalo sitaliandika hapa.

Mimi ni fundi wa mafriji. Jina langu Rizq, watu huniita Abu Rakan, yaani baba wa Rakan, na subira sina; mke wangu aliniambia hivyo mwaka ule ule tuliooana. Nayasimulia haya kwa sababu Jadallah mwenyewe hawezi kuyasimulia, na kwa sababu watu wa redio waliyasimulia ovyo. Walisema sauti iliyo kwenye wimbo ni ya mzee mmoja asiyejulikana. Asiyejulikana na nani? Hakuna mwanamke mwenye friji mbovu upande wa mashariki wa Amman asiyemjua Jadallah, Abu Nizar kwa wateja wake.

Alizaliwa mtaa wa Jabal al-Nadhif, kwenye chumba ambacho mvua iliingia bila kubisha hodi. Utotoni alibeba sinia za mikate ya ufuta kichwani, ukubwani akanunua pikapu ya buluu na kuanza kununua vitu vibovu. Miaka mitatu alizunguka mitaani akiita kwa mdomo. Jioni akirudi nyumbani hawezi hata kuomba chumvi. Mkewe, Umm Nizar, yaani mama wa Nizar, ndiye aliyemwambia arekodi mwito wake kama wenzake, aweke kipaza sauti juu ya pikapu, apumzishe koo.

Walirekodi jikoni, blanketi limetundikwa dirishani. Walirudia mara kumi na moja. Mara gari la gesi linapita na muziki wake, mara sufuria inapiga filimbi, mara Nizar, wakati huo mchanga, analia. Mara ya kumi na mbili ikatoka: friji, mashine za kufua, majiko, vitanda, betri, chochote kilichoharibika. Neno "chochote" alilipandisha mpaka ghorofa ya nne, halafu "kilichoharibika" akalishusha taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Wanunuzi wengine wote wanafokea watu. Yeye alikuwa anakuomba radhi kwamba friji yako imekufa, na wanawake walimpenda kwa hilo. Walimhifadhia vitu wiki nzima mpaka siku yake ya kupita.

Mwaka mmoja kabla ya wimbo, daktari alimkuta na uvimbe kooni. Ulikatwa, akapona, lakini sauti ilikwenda nao. Kilichobaki ni mnong'ono ambao lazima umpelekee sikio mdomoni. Kazi haikusimama. Kaseti ile ya zamani nilikuwa nimeihamishia kwenye kadi mwenyewe, nikaifunga kwenye kipaza sauti, ikawa pikapu inaita na yeye anaendesha. Bei alipatana kwa vidole na nyusi. Watu wa mtaa wa Ashrafiyya hawakugundua kitu mwaka mzima, maana maneno waliyoyahitaji kwake yalikuwa yale yale ya siku zote.

Ndipo wakaja vijana wa Khazzan.

Khazzan ni tangi la maji la juu ya paa, na wao wakajiita hivyo kwa sababu walianza kupiga magitaa yao juu ya paa huko mtaa wa Luweibde, katikati ya matangi. Mmoja wao aliwahi kumrekodi Jadallah akipita chini ya roshani yao siku ya Jumatatu. Wakaichukua sauti ile, wakaiweka mwanzoni mwa wimbo na katika kila kiitikio, na mwimbaji wao anajibu kwamba hata yeye ameharibika, apandishwe garini. Wimbo wakauita kwa maneno yale yale, Chochote Kilichoharibika. Wiki mbili tu, ukawa kila mahali. Redio waliupiga asubuhi, adhuhuri na alasiri. Ulipigwa kwenye harusi. Matokeo ya mtihani wa mwisho wa shule yalipotoka, magari ya waliofaulu yalizunguka mji mzima yakiupiga, na ya waliofeli pia.

Mwanzoni Jadallah alicheka, kicheko chake kile cha pumzi tupu. Kisha nikaona pikapu inarudi na betri mbili na fremu ya kitanda. Siku iliyofuata ikarudi na fremu ile ile.

Mtu hahitaji kuwa mwanazuoni kuelewa kilichotokea. Umm fulani yuko ghorofa ya tatu, amemsubiri Abu Nizar tangu Jumamosi iliyopita. Anasikia "friji, mashine za kufua". Anavaa hijabu yake haraka, anatokea roshani, anaita. Chini kuna gari la vijana wanne wanaotafuna mbegu za alizeti, wanamwangalia na kumwitikia kwa kuimba. Mara ya kwanza anawatukana. Mara ya pili anachungulia dirishani tu. Mara ya tatu hasogei, na mara hiyo ya tatu ndiyo Jadallah mwenyewe, anapita taratibu, anatazama roshani tupu.

Zilibaki wiki tatu kufika Ramadhani. Hizo ndizo wiki ambazo kila mama wa nyumba anatoa vitu nje na kusugua sakafu, na mnunuzi anayezikosa amekosa mwaka. Tena kulikuwa na mnunuzi mwingine, mtu wa Marka, ana sauti ya mbuzi aliyekanyagwa, ameanza kupita Ashrafiyya siku za Jumamosi, siku za Jadallah. Wanawake wakishazoea sauti nyingine, mtaa umekwenda. Haurudi. Hilo Jadallah alilijua, na mimi nililijua, na usingizi ulitukimbia wote wawili.

Siku moja huko Jabal al-Taj kijana mmoja, nywele zimepakwa mafuta, alisimama mbele ya pikapu akaigonga kwa kiganja. Nilikuwa nimekaa kando ya Jadallah. Nilijipakia siku hizo ili niwe mdomo wake.

"Haji," akasema, "huu wimbo ni wa watu. Vijana wametokwa na jasho. Wewe unautumia kununulia vyuma, huoni vibaya?"

Jadallah akafungua mdomo. Nilimwona shingo inavyovimba kwa maneno, na hakikutoka kitu ila hewa. Kijana akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama anamsamehe. Nilishuka kumtia adabu lakini goti langu ni bovu na yeye alikuwa na miaka ishirini. Nilirudi garini nimekasirika, na Jadallah alikuwa amelaza paji la uso juu ya usukani.

Jumatatu tukaenda Luweibde kwa hao Khazzan. Mwimbaji anaitwa Sinan, mrefu, mpole, soksi zake hazifanani. Alipoambiwa huyu ndiye Abu Nizar alimbusu kichwani kama anavyobusiwa babu, akamkalisha kwenye kiti kizuri kuliko vyote, akaleta chai ya majani ya marami. Nilikuwa nimekuja na matusi yangu yote tayari, na yakaanza kunipotea moja moja. Akasema wimbo usingekuwa kitu bila sauti ile. Akasema wana tamasha mwezi huo, wanataka pikapu ipandishwe jukwaani na Abu Nizar akae ndani yake, taa zimmulike.

Nikamkata kauli. "Sikiliza, mwanangu. Huyu hataki taa. Anataka Umm Bassam wa Ashrafiyya atoke nje anapopita. Itoeni sauti yake kwenye huo wimbo wenu."

"Ami, haitoki. Iko kwenye simu za watu. Nikifuta wa kwangu, wa jirani unabaki." Akafikiri, uso ukamchangamka. "Lakini si arekodi upya tu? Aseme kwa namna nyingine. Vifaa viko hapa hapa, dakika moja."

Jadallah akafungua kifungo cha kola, akainua kidevu, akamwonyesha mshono.

Yule kijana alilia. Sitanii, alilia kweli kweli, na Jadallah ndiye aliyempigapiga begani. Mimi nilizidi kukasirika, maana machozi hayajazi pikapu, na mtu ukishamwona analia huwezi tena kumgombeza.

Sinan akajitolea kurekodi mwito yeye mwenyewe. Tuliutumia siku mbili. Alisema kila neno vizuri mno, kama benki inayokukumbusha jambo, na watoto wa Ashrafiyya walidhani ni watu wa sensa. Nikarekodi wa kwangu. Umm Bassam aliniambia uso kwa uso kwamba alifikiri watu wanapigana, akafunga dirisha. Nizar, mtoto wao, yuko Kuwait, akatuma wake kwa simu, lakini amekaa huko miaka sita na ulimi umeshachanganya. Tukairudisha sauti ya zamani, na magari ya vijana yakatujibu kila kona. Ramadhani bado wiki mbili.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, tulikuwa tumekaa nyumbani kwa Jadallah, mimi naye. Umm Nizar akatoka jikoni akijifuta mikono.

"Mimi nitasema," alisema.

Jadallah akanyanyua kichwa.

"Mwito. Mimi nitausema. Nilikuwepo mara zote kumi na mbili, na aliyekwambia vitanda vije kabla ya betri nani? Mimi."

Jadallah alikataa kwa kidole, kisha kwa kichwa, kisha akanivuta sikio akanong'ona, nami nikatangaza: sauti ya mke wa mtu haipigwi kwenye kipaza sauti mitaani. Nikaongeza la kwangu, kwamba watu watasema. Nilikuwa namwunga mkono rafiki yangu, ndivyo nilivyojiona.

"Abu Rakan, wewe nyamaza, kula kwako hapa kunatosha." Akamgeukia mumewe. "Sauti yako inachezewa kwenye harusi za watu usiowajua, hilo halikukuudhi ila kwa ajili ya vyuma. Yangu ndiyo aibu? Mtu wa Marka akiingia Ashrafiyya, tutakula heshima?"

Akarudi jikoni, na masufuria yakaanza kugongwa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilitafuta viatu vyangu. Jadallah alikuwa amekunja mikono, anatazama ukuta, na sidhani kama nimewahi kumwona mtu amebanwa vile. Kubishana angeweza zamani. Sasa hata kugombana na mke wake alihitaji mkalimani.

Kabla sijafika mlangoni, hodi. Ni Sinan, amebeba sinia ya kunafa, ile halwa ya jibini, anatazama chini. Akasema amekuja na kitu kidogo tu. Amepekua rekodi zake akaipata ile ndefu, ya siku ile alipomrekodi Abu Nizar kutoka roshani, miaka miwili iliyopita. Dakika nne nzima, bila gitaa. Alidhani labda itafaa kitu.

Miaka miwili iliyopita. Nilihesabu, nikaona ni kabla ya daktari.

Akaweka simu yake mezani. Tukasikia pikapu inapanda mlima wa Luweibde, tukasikia kaseti inaita, friji, mashine za kufua, ikaja karibu, ikafika chini kabisa. Halafu kaseti ikazimwa. Mlango wa gari ukafunguliwa. Na Jadallah, Jadallah mwenyewe, si wa kaseti, akapaza sauti kwenye simu ya mkononi, kwa nguvu zote za mtu ambaye laini yake haishiki.

"Rasmiyya! We Rasmiyya! Usiweke mchele motoni, naja na kuku! Nimekupatia mashine ya kufua, nzima, inazunguka! Unanisikia? Rasmiyya!"

Mimi nimekula katika nyumba ile miaka ishirini na sikuwa najua jina la mkewe. Hatutajiani majina ya wake zetu. Umm Nizar inatosha mpaka kaburini. Mwanamume akilitaja jina la mkewe mkahawani, mkahawa mzima unageuza shingo. Nilitazama zulia. Sinan, ambaye pengine alikuwa amelisikia jina lile mara mia bila kulifikiria, alianza kuelewa kutoka kwenye nyuso zetu, naye akatazama zulia.

Jikoni masufuria yalikuwa yamenyamaza. Umm Nizar alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa mkononi, na nyuma yake mashine ile ile ya kufua ilikuwa inazungusha nguo za Alhamisi. Hakuwa ameitwa na mumewe tangu siku ya upasuaji. Mnong'ono hauvuki vyumba. Akimtaka humfuata, au hupiga kijiko kwenye gilasi.

"Irudie," akamwambia Sinan.

Akairudia. Alisikiliza mpaka mwisho, mpaka mlango wa gari ulipofungwa na kaseti ikaanza tena. Macho yalikuwa yamemjaa, ila kinywa kilikuwa kinajizuia kucheka.

"Luweibde nzima," akamwambia mumewe. "Umelitangaza jina langu Luweibde nzima, mpaka na watu wa magitaa. Halafu unaniambia aibu."

Jadallah akafungua mikono, akaonyesha simu, akaonyesha hewa: laini ilikuwa mbaya. Huo ndio utetezi aliokuwa nao. Kisha akainuka, akaingia chumbani, akarudi na blanketi, akapanda kiti cha jikoni na kuanza kulitundika dirishani. Mimi na Sinan tulikaa kama watu waliokutwa pasipo pao.

Umm Nizar aliusema mwito mara moja tu. Sinan alishika kifaa, mimi nilisimama mlangoni kuzuia watoto wa jirani, Jadallah aliizima mashine ya kufua. Friji, mashine za kufua, majiko, vitanda, betri. "Chochote" hakulipandisha kama mumewe. Alilisema kama mtu anayemwita mtu wa nyumbani. Baada ya "kilichoharibika" nilidhani amemaliza, nikageuka, nikasikia ameongeza maneno matatu yake mwenyewe. Jadallah alikuwa ameinama nyuma ya mashine akitafuta swichi ili aiwashe tena, na hakuyasikia. Nami, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilinyamaza.

Jumamosi tukaingia Ashrafiyya saa tatu asubuhi. Jadallah alikuwa amevaa shati la Ijumaa na uso wa mtu anayepelekwa mahakamani. Niliwasha. Sauti ya mkewe ikatoka juu ya vichwa vyetu, ikapanda kuta, na roshani zikaanza kujaa. Walitoka wenye vitu na wasio na vitu. Umm Bassam akatoka na kijiko cha kukorogea mkononi.

"Huyo ni Umm Nizar?" akauliza kutoka juu.

Jadallah akajikaza, akaitikia kwa kichwa. Na hapo mwito ukafika mwisho, ukasema mtaa mzima usikie:

"Jadallah yuko chini."

Hakuna aliyemwita hivyo hadharani tangu Nizar azaliwe. Roshani zikapasuka kwa vicheko. Mmoja ghorofa ya pili akalirudia kwa mbwembwe, mwingine ng'ambo ya barabara akamwitikia, na wazee wa mkahawani wakageuza viti vyao ili waone vizuri. Masikio ya Jadallah yalikuwa mekundu. Alisimamisha pikapu katikati ya barabara. Umm Bassam alishapiga kelele kwamba ana friji na majiko mawili, na wanawe wanakuja kushusha, lakini yeye hakuwa anamtazama.

Niliona nimefanya kosa kunyamaza siku ile. Nikamwambia asijali, mkia ule naukata karakana, kazi ya dakika moja, mwito utabaki safi, na Jumapili hatutaaibika tena. Nikanyoosha mkono nizime.

Akaushika mkono wangu. Akanivuta kichwa mpaka sikio langu likagusa ndevu zake.

"Acha," alinong'ona. "Ngoja irudi. Sikuisikia vizuri."